Kabla hujatuma laki tatu ujenge stoo ya chuma ushagoo, cheki hesabu hii

Aprili 2023 mama alinipigia simu kutoka nyumbani, karibu na Kebirigo, Kaunti ya Nyamira. Alitaka nimtumie pesa anunue gunia la mahindi. Nilidhani sijasikia vizuri. Huyu ni mtu aliyevuna magunia 12 Agosti iliyotangulia! Lakini manane alikuwa ameyauza wiki hiyo hiyo ya mavuno kwa sababu nyumba ilijaa, na manne yaliyobaki chini ya kitanda yalitobolewa na wadudu hadi yakabaki vumbi. Sasa gunia la kilo 90 lilikuwa limepita Sh6,000 sokoni. Yeye hakuwa ameuza hata karibu na bei hiyo.

Nilituma pesa. Kisha usiku huo, nikiwa kwangu Pipeline, Nairobi, nikaanza kusaka stoo za chuma kwa simu. Kama wewe pia umewahi kufanya hivyo, unajua kinachofuata: kwa wiki nzima simu haikuonyeshi kitu kingine. Magodauni ya bluu, ya kijani, ya kijivu, yote yamesimama kwenye nyasi safi kama uwanja wa gofu.

Haya ndiyo niliyojifunza tangu usiku huo hadi leo. Mengine nilijifunza kwa kuuliza. Mengine yalinigharimu.

Ndoto ya godauni

Bei ya kwanza niliyopewa ilikuwa Sh780,000 kwa stoo ya futi 20 kwa 30, vyuma vimekatwa tayari na kutobolewa, vikifikishwa Keroka. Msingi juu yangu. Kutoka Keroka hadi kwetu juu yangu. Niliitumia mama picha ile kwa WhatsApp nikingoja anisifu.

Akanipigia. "Omwana one," akasema, "hiyo nyumba ya chuma, juu yake tutapanda nini?"

Nilicheka, lakini alikuwa na pointi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 957 kwa kila kilomita mraba Kisii, na 675 Nyamira. Hizo ni kaunti za mashambani, si mitaa ya Nairobi. Sehemu yetu yote ni ekari moja na nusu, na chai imechukua karibu nusu yake. Ile picha ya tangazo ilipigwa mahali ambapo ardhi haina mwisho. Kwetu ina mwisho, na mwisho wenyewe unauona ukisimama mlangoni.

Basi tukapunguza. Mama akachukua kamba, akapima nyuma ya jikoni, mahali palipokuwa na migomba mitatu iliyozeeka. Ikatoka futi 16 kwa 20. Hizo ni futi mraba 320, chini ya asilimia moja ya ekari. Migomba ikahamishwa.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii. Boma la Gusii lilikuwa na ekiage, ghala la fito zilizosukwa, limeinuliwa kutoka ardhini na kuezekwa nyasi. Wimbi likikauka vizuri lilikaa humo muda mrefu bila neno. Lakini mahindi si wimbi. Punje yake ni kubwa, hushika unyevu, na tangu miaka ya 1980 kuna mdudu aliyeingia Afrika Mashariki kutoka bara la Amerika, yule wakulima wengi Kenya wanamwita Osama. Anatoboa mahindi, anatoboa hata mbao. Ndiye aliyemaliza magunia manne ya mama. Na ekiage zenyewe zimeisha vijijini. Nyasi za kuezekea zimepungua, na mwizi akija usiku hahitaji hata msumeno.

"Msichana anajenga kwa nani?"

Kabla ya chuma, kulikuwa na watu. Baba yangu alifariki 2016. Cheti cha shamba bado kina jina la babu, kama ilivyo kwa familia nyingi huku kwetu. Mimi ndimi mtoto wa kwanza, na ni msichana. Ndugu yangu yuko chuo.

Habari ziliposambaa kwamba nataka kuweka jengo, baba mdogo, ambaye kwetu ni "tata omoke", aliuliza swali moja mbele ya watu baada ya ibada: "Msichana anajenga kwa nani?" Maana yake ilieleweka. Kwamba natafuta kipande cha ardhi kupitia mlango wa nyuma.

Sikutaka vita. Niliuliza rafiki yangu anayesomea sheria, akanieleza mambo mawili. La kwanza, Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia kwenye umiliki wa ardhi na mali, kwa hivyo mtoto wa kike si mgeni kwao. La pili, kuwa na haki si kuwa na cheti. Mpaka urithi ufanyiwe utaratibu mahakamani na jina la babu liondoke, mtu akijenga hapo anajenga kwa hisani ya familia. Na kanuni ya zamani ya sheria ni kwamba kilichoshikamana na ardhi huifuata ardhi. Ukijenga kwa mawe halafu mkosane, mawe hayabebeki.

Hapo ndipo chuma kilipoanza kunipendeza kwa sababu nyingine. Fremu iliyofungwa kwa bolti inaweza kufunguliwa, ikahamishwa. Inabaki sakafu tu.

Desemba 2023, tulipokuwa sote nyumbani, tukaketi: mama, ndugu yangu, baba wadogo wawili, na mzee wa kijiji. Niliwaambia mambo matatu. Stoo ni ya boma la mama, si yangu. Haibadilishi mpaka wowote. Na yeyote katika ukoo anaweza kuweka magunia yake humo. Tuliandika ukurasa mmoja, wote wakatia sahihi, na mstari wa mwisho unasema kwamba familia ikigawanya ardhi na pale pakamwangukia mtu mwingine, fremu na mabati ni vya mama na vitaondolewa kwa bolti. Tata omoke alisoma mara mbili, akatia sahihi bila kusema kitu.

Kikao hicho kilitugharimu chai na mkate. Nakuomba usikiruke. Nimeona nyumba nzuri za vijana wa Nairobi zimesimama bila paa miaka mitano kwa sababu ya kikao ambacho hakikufanywa.

Jambo jingine ambalo wengi hulipuuza: Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya ujenzi. Watu husema "ushagoo hakuna mtu anakagua". Nenda ofisi ya mipango ya kaunti na mchoro wako, uulize jengo lako linahitaji nini. Ni bora kuuliza mapema kuliko kuulizwa ukiwa umeshajenga.

Namba ikipanda, bati linapungua

Turudi kwa chuma. Tuliacha ile stoo ya laki saba na ushee, tukaamua kununua vyuma wenyewe na kumpa fundi wa jua kali kazi. Ukifuata njia hii, kuna vitu lazima uvijue.

Mabati huuzwa kwa geji, na geji huenda kinyume. Geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Kwa makadirio, geji 30 ni kama milimita 0.3, na 28 ni kama milimita 0.4. Tofauti hiyo jicho halioni, hasa kama bati limepakwa rangi. Mimi niliagiza geji 28 ya paa katika duka moja Nairobi. Fundi wangu, mzee wa miaka sitini na kitu, alitoa maikromita kwenye mfuko wa koti, akapima ukingo, akatikisa kichwa. Lilikuwa geji 30 kwa bei ya 28. Kwa sababu bati lilikuwa bado kwenye gari, lilirudi. Kama lingekuwa limeshapigwa skrubu, ningeimba wimbo gani?

Kwa hivyo: pima kabla ya kulipa salio. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bati lenyewe, si kwenye risiti. Angalia alama ya ubora ya KEBS na namba ya kibali iliyo chini yake. Unaweza kutuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, ikianza na SM na alama ya reli, ili ujue kama kibali ni halali.

Sisi tuliweka geji 28 kwenye paa na 30 kwenye kuta. Paa ndilo linalopigwa na jua, mvua na mvua ya mawe, na eneo hili la kutoka Kericho hadi Kisii linajua mvua ya mawe. Kuta zinaweza kuvumilia bati jembamba kidogo.

Nguzo tulichukua mirija ya mraba ya milimita 75 kwa 75, unene milimita 3. Kenchi za paa, milimita 50 kwa 50. Fito za kushikilia mabati, 40 kwa 40. Chuma hiki hakijapakwa zinki, kwa hivyo kilipakwa redi oksaidi mara mbili kabla ya rangi. Fundi alisisitiza mambo madogo ambayo baadaye niliona maana yake. Skrubu zenye washa ya mpira, si misumari. Kukata bati kwa mkasi, si kwa grainda, kwa sababu cheche za grainda huunguza zinki na kutu huanzia hapo. Na bati la ukuta lisiguse udongo; likae juu ya mistari miwili ya mawe ya kuta. Hiyo pia inazuia panya.

Mlima, tope na risaga

Tulijenga Februari 2024, kabla mvua ndefu hazijaanza. Usijaribu Aprili. Lori liliishia barabara ya lami kwa sababu njia ya kwetu ni ya kuteremka na kupanda, na kona moja hapo chini lori haliwezi kukata. Mabati na vyuma vya mita sita vilipanda mlima mabegani mwa vijana, wawili wawili. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini fundi alikataa kuunganisha kenchi nzima huko mjini. Alizikata nusu nusu, akazitoboa, akazifunga kwa bolti juu kwa juu. Kuchomelea kulifanywa siku mbili tu, kwa jenereta ya kukodi.

Kwenye mlima, kazi kubwa ni udongo. Ukichimba upande wa juu na kumwaga udongo upande wa chini upate tambarare, nusu ya jengo lako inakaa kwenye udongo uliovurugwa, ambao utashuka. Tulichimba hadi udongo mgumu kote, hata kama ilimaanisha siku mbili zaidi. Juu ya jengo tulichimba mtaro wa kupitisha maji ya mvua pembeni. Kila nguzo ilisimama kwenye shimo la zege la futi mbili, na sahani yake ya chuma ilifungwa kwa bolti nne zilizozamishwa kwenye zege. Stoo ya mabati ni nyepesi, upepo unaweza kuinyanyua kama mwavuli. Bolti ndizo zinazoishika.

Kuchimba na kumwaga sakafu hatukulipa mtu. Mama alipika, na majirani wakaja kwa risaga, ile desturi ya Abagusii ya kufanya kazi pamoja, leo kwako kesho kwangu. Walikuja watu 17. Tata omoke alikuja na jembe lake, hakuongea sana, lakini ndiye aliyeondoka mwisho.

Hesabu yenyewe

Hizi ndizo bei tulizolipa Februari 2024. Wewe utapata nyingine, lakini utaona kitu gani kinakula nini:

- Vyuma vya fremu: Sh93,600
- Mabati ya paa na kuta: Sh64,800
- Kofia ya paa, skrubu na gata: Sh18,000
- Saruji, mchanga, kokoto, mawe na wavu wa sakafu: Sh62,500
- Mlango wa chuma: Sh14,000
- Mafundi na jenereta: Sh55,000
- Usafiri: Sh9,000
- Kinga ya radi: Sh8,500

Jumla Sh325,400. Angalia vizuri: mabati, ambayo ndiyo kila mtu huulizia bei, ni kama moja ya tano tu. Ukisikia mtu anasema "nina pesa ya mabati, tuanze", mwambie akae chini kwanza.

Pesa zilitoka wapi? Sh125,000 zilikuwa akiba yangu. Sh200,000 ni mkopo wa sacco, riba ya asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua, miezi 24. Hiyo ni karibu Sh9,400 kila mwezi kutoka kwenye mshahara ambao tayari ulikuwa na watu wengi wa kuulisha. Miaka miwili nilisahau habari ya viatu vipya.

Jasho la bati

Sasa nikwambie kilichoniuma.

Agosti 2024 mavuno yalikuja. Mama aliweka magunia 11. Majirani na jamaa wakaleta yao. Kwa jumla boma tisa, magunia 64. Mmoja wao alikuwa nyanya mjane anayeishi peke yake chini yetu, ambaye alileta magunia matatu. Yaliwekwa kwenye kona ya nyuma, yakiegemea ukuta.

Mwishoni mwa Septemba, mama alisikia harufu. Magunia yale matatu yalikuwa yameloa upande mmoja na kuota ukungu wa kijani. Paa halikuvuja hata tone. Maji yalitoka wapi?

Yalitoka hewani. Usiku wa Nyamira ni wa baridi, na bati hupoa haraka kuliko kitu kingine chochote. Mahindi yasiyokauka vizuri hutoa unyevu, hewa ya ndani inakuwa na joto na maji, ikigusa bati baridi maji yanageuka matone na kuteremka ukutani. Mafundi huita jasho la bati. Sisi tulikuwa tumefunga kila tundu kuzuia wezi na panya, kwa hivyo hewa haikuwa na pa kutokea.

Mtu mmoja akashauri tukaushe yale mahindi tena, mengine tuwape kuku. Mama alikataa. Ukungu wa mahindi unaweza kubeba sumu ya aflatoksini, ambayo haiishi kwa kupika wala kwa kuanika. Mwaka 2004, huko Ukambani, sumu hiyo iliugusa watu 317 na kuwaua 125, wengi wao wakiwa wamekula mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi. Na ukimpa ng'ombe, sumu huja kwako kupitia maziwa. Tuliyachoma.

Nilimlipa nyanya yule Sh12,000. Hakuwa ameomba. Alikuwa amesema tu, "Basi, ni Mungu." Lakini aliamini mlango wetu, na mlango wetu ulimwangusha.

Haya ndiyo tuliyobadilisha, na ningeyajua mapema yasingefika hata Sh15,000:

Kwanza, matundu ya hewa chini ya paa pande mbili zinazotazamana, yamezibwa kwa wavu mdogo wa chuma. Pili, magunia hukaa juu ya paleti za mbao, na futi moja na nusu kutoka ukutani. Tatu, hakuna gunia linaloingia bila kupimwa. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) hupima, lakini nyumbani kuna njia ya chumvi: tia kiganja cha mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa dakika chache, acha kidogo. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi. Rudisha juani. Nne, mbolea haikai humo pamoja na chakula, hata kama ni mfuko mmoja tu.

Radi na maji

Kisii na Nyamira radi si hadithi. Unyevu wa Ziwa Victoria unapanda milima hii na kugeuka mawingu ya radi karibu kila alasiri ya msimu wa mvua, na kila mtu huku anamjua mtu aliyepoteza ng'ombe au jamaa. Chuma hakiiti radi, lakini ikipiga, umeme lazima upate njia ya kufika ardhini. Tulifunga waya mnene wa shaba kutoka kona mbili za fremu hadi fimbo za shaba zilizopigiliwa ardhini. Ile Sh8,500 ndiyo pesa ambayo fundi wa kwanza aliniambia niiache. Usiiache. Na mvua ikinyesha, hakuna mtu anayejikinga akiegemea ukuta wa stoo.

Faida ambayo sikuipigia hesabu ni maji. Paa letu linafunika karibu mita mraba 37. Milimita moja ya mvua kwenye mita mraba moja ni lita moja. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu ni ya alasiri moja tu, inaleta lita 740. Mama haendi tena mtoni nusu ya mwaka.

Je, inalipa?

Ukweli ni huu. Kila gunia la mtu mwingine au letu hulipiwa Sh30 kwa mwezi, pesa zinazoingia kwenye kitabu cha stoo. Magunia 64 kwa miezi mitano ni Sh9,600. Hiyo ni awamu moja ya mkopo wangu na chenji. Mama aliuza magunia sita Aprili 2025 kwa Sh4,400. Wakati wa mavuno alikuwa ameahidiwa Sh3,000. Faida ya kungoja ikawa Sh8,400. Tukipata misimu miwili mizuri kwa mwaka ya kuhifadhi, na faida ya mama mara moja, ni Sh27,600. Kwa mwendo huo, stoo itajilipa baada ya karibu miaka 12.

Kwa hivyo kama mama yako anavuna magunia matano au kumi na ni ya boma lake tu, huhitaji stoo ya chuma. Mnunulie yale magunia yasiyopitisha hewa, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia la kawaida. Yakifungwa vizuri, wadudu wanakosa hewa na kufa bila dawa. Au mtafutie tangi la bati la kuhifadhia nafaka. Utabaki na chenji ya kulipia ada ya mtu chuo. Mimi mwenyewe, ningeanza tena, ningeanza na hayo. Hata sasa, magunia yanayokaa stooni zaidi ya miezi mitatu tunayaweka kwenye mifuko hiyo, kwa sababu Osama haogopi mabati.

Stoo ina maana pale watu wengi wanapoitumia. Ukiwa na chama, kikundi cha vijana, au ukoo unaoelewana, gharama ya mtu mmoja inashuka. Akina mama wa Kenya ya Kati walifanya hivyo miaka ya 1960 na 1970: walichanga kwa zamu, leo nyumba ya huyu inaezekwa bati, kesho ya yule, hadi vikundi vyao vikaitwa vya mabati. Bati lenyewe halikuwatajirisha. Walichopata ni paa lisilovuja na kitabu cha hesabu ambacho kila mmoja alikiamini.

Kama bado unataka kujenga, jibu maswali haya kabla hujagusa M-Pesa. Ardhi ni ya nani kwenye karatasi, na wenyewe wamekubali kwa maandishi? Magunia mangapi yataingia kweli, si kwenye ndoto? Lori litaishia wapi? Nani atapima bati? Hewa itatokea wapi? Radi itapita wapi? Ukikwama kwa moja, ngoja msimu mmoja. Chuma hakiozi dukani.

Agosti hii nilikuwa nyumbani wakati wa mavuno. Yule nyanya hakuleta chochote hadi wiki ya pili. Kisha asubuhi moja tulimwona anapanda na mjukuu wake, gunia moja kwenye toroli. Alikuwa na chupa ya chumvi mkononi. Akamwonyesha mama kwamba haishiki kwenye kioo, akasubiri tata omoke asogeze paleti kutoka ukutani, ndipo akaruhusu gunia lake liingie.

Mama aliandika jina lake kwenye kitabu. Gunia la 71.